Siku Tuliyoigiza Jumatatu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo miguu huanza kunicheza chini ya meza. Ilikuwa mwezi wa tatu, msimu wa kulima ngoro, na mimi nilikuwa nimesimama kando ya barabara pale kijijini kwetu Namswea, begi mkononi, nikisubiri lori la kunishusha ziwani. Nilitaka kwenda Lundo kwa wajomba zangu, nile usipa, wale dagaa wa ziwani, nioge, nisiuone uso wa mtu wa kwetu mpaka chuo kifunguliwe. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba hata salamu za wapita njia nilikuwa nikiziitikia nusunusu.

Nikueleze kwanza nilikasirikia nini, maana hasira isiyo na maelezo ni kelele tu.

Nilikuwa mwaka wa mwisho Dar es Salaam, nasomea uhandisi wa kemikali. Watu wa nyumbani walidhani nafundishwa kutengeneza sabuni. Kumbe kazi yetu kubwa, kama unavyoijua wewe sasa uliyeisomea, ni kukichora kiwanda kabla hakijakuwepo: nini kinaingia, kinapita wapi, kinageuka kuwa nini, na mabaki yanakwenda wapi. Ukishakichora unakiigiza kwenye kompyuta, unakizidishia mzigo, unakipunguzia maji, unakitesa mpaka kiseme udhaifu wake. Nyie siku hizi mnakaa na kompyuta mapajani. Sisi zilikuwa chache, tukizipangia foleni kama bomba la maji, na umeme ukikatika ulianza upya. Kila mwanafunzi alitakiwa kubuni kiwanda kimoja. Wenzangu walichagua saruji, mbolea na bia. Mimi nilichagua kahawa ya kwetu.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Ushirika ulikuwa umelegea, na wanunuzi binafsi walikuwa wakipanda Mbinga na magari yao, kila mmoja na maneno yake matamu. Mmoja wao aliwaambia wakulima wa Namswea kwamba badala ya kila nyumba kumenya kahawa kwa mashine ya mkono na kuiosha kwenye ndoo yake, wajenge kituo kimoja: kahawa mbivu iingie pale, imenywe, ivundikwe, ioshwe, ianikwe, yote iwe ya namna moja. Yeye angeinunua yote kwa bei nzuri. Sharti lake lilikuwa kituo kiwe tayari kabla ya mavuno. Baba ndiye alikuwa mwenyekiti wa kikundi, na alisimama mbele ya watu akasema hawana haja ya kutafuta fundi mbali, kwa kuwa binti yake ni mhandisi. Mimi sikuwa mhandisi bado. Lakini ungemwona baba alivyosimama siku ile, usingekuwa na moyo wa kumsahihisha.

Sasa sikiliza palipokuwa na tatizo. Vitabuni hufundishwa kwamba ukijua mzigo wa wiki, unaugawa kwa siku saba, unapata mzigo wa siku. Mimi niligoma. Nimekulia Namswea, najua Jumapili hakuna Mmatengo anayechuma kahawa. Tunakwenda misa, tunakula, tunatembeleana. Lakini kahawa haiendi misa. Inaendelea kuiva mtini, na Jumatatu kijiji kizima kinaingia shambani alfajiri na kuteremka na mizigo alasiri, wote kwa pamoja. Nilipoiingiza Jumatatu hiyo kwenye kompyuta, shimo la maji machafu lilifurika. Mwalimu wangu alinitazama juu ya miwani akasema sawa, kama ndivyo mnavyoishi huko, basi hiyo ndiyo hesabu. Nilirudia, nikarekebisha hiki na kile, lakini kila Jumatatu ikija shimo lilifurika.

Na maji ya kuoshea kahawa si maji ya kuoshea vyombo, mwanangu. Yamebeba ule utelezi mtamu wa kahawa, yakikaa huchacha na kunuka, na yakiingia kwenye maji ya kunywa hayo hayanyweki tena. Kiwanja walichokitoa wazee kilikuwa kizuri kwa kila kitu, isipokuwa hakikuwa na nafasi ya shimo kubwa zaidi, na chini yake kulikuwa na chemchemi, na chemchemi hiyo ndiyo iliyokuwa ikinywesha nyumba zote za upande wetu.

Chuo kilifungwa, kama kilivyokuwa kikifungwa mara kwa mara miaka ile, nami nikafika nyumbani na jibu langu. Mawe yalikuwa yamekwisha kusombwa. Nilisimama kwenye mkutano nikasema ramani haijawa tayari, shimo litafurika, msijenge. Wakaniuliza nimeona wapi limefurika. Nikasema kwenye kompyuta. Wakacheka, mwanangu. Mzee mmoja akauliza kama hiyo kompyuta imewahi kupanda Namswea. Nikajibu kwa ukali kwamba kama hawataki kunisikia wajenge, watakunywa wanachokitaka. Baba aliinamisha kichwa. Nami nikatoka, nikaenda kupanga nguo kwenye begi.

Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Wazee walewale wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Ukiwauliza ushike lipi, wanakuomba ugoro. Siku ile tumbo langu lilikuwa likiuma kwa kungoja, na miguu ilikuwa na haraka.

Lori halijafika, akafika shangazi Kolumba, dada mkubwa wa baba, anatoka shambani na jembe begani. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akalitua jembe, akalitazama begi langu. Hakuuliza ninakwenda wapi.

"Ostina," akasema, "mimi nakuamini. Kama unasema maji yatafurika, yatafurika. Lakini umewaambia watu hapana, halafu ukawageuzia mgongo. Hapana ya namna hiyo hata mtoto anaijua. Mtu mzima akisema hapana, anakaa mpaka wenziwe waone alichokiona."

Nikamwambia nitawaonyeshaje, kompyuta iko Dar es Salaam. Akasema hilo yeye halijui, msomi ni mimi, ila ajualo ni kwamba mimi ndiye ninayeyajua maji hayo na mimi ndiye ninayeshika begi. Kisha akabeba jembe lake akaenda zake. Mwanangu, nimekaripiwa na maprofesa, lakini sijawahi kukaripiwa kama vile. Lori lilikuja, likapunguza mwendo, mimi nikalipungia lipite.

Nilibaki nimesimama, sijui la kufanya na mikono yangu. Kwenye mlima wa ng'ambo wanaume walikuwa wanakata nyasi na kuzilaza miraba miraba, tayari kwa wake zao kuja kuzifukia kwa udongo. Hiyo ndiyo ngoro, kilimo chetu cha mashimo mlimani, wewe umezaliwa mjini nakueleza. Nyasi hulazwa kwanza, ndipo udongo. Mstari wa nyasi ukiwa umekaa vibaya unausogeza kwa mguu. Ukishaufukia na kupanda maharage, umekwisha kukaa hivyo. Nilitazama kazi ile niliyoiona tangu utotoni, nikalitua begi. Nilikuwa nimesafiri mpaka Dar es Salaam kujifunza kulaza nyasi kabla ya udongo, nami nikawa nawaambia watu hawa kana kwamba ni kitu wasichokijua.

Nilirudi nyumbani, nikamkuta baba amekaa ndani. Nikamwomba radhi kwa ukali wangu, nikamwomba aniitie kikundi siku moja tu, kila nyumba ije na nyasi na ndoo. Akasema ataita, lakini akiaibika mara ya pili atajiuzulu uenyekiti. Usiku huo sikulala vizuri.

Tukakilaza kituo kwa nyasi pale pale kiwanjani. Hapa mashine, hapa mabirika ya kuvundikia, hapa vichanja. Mifereji tukaitengeneza kwa magamba ya migomba. Nikachimba shimo dogo la maji machafu, dogo kwa kadiri ileile tuliyoipunguza mizigo, ili kopo moja la maji liwe sawa na mzigo wa nyumba moja. Sikutaka mtu aseme nimelionea shimo, kwa hiyo nilimpa kipimo yule mzee aliyenicheka, akapima yeye. Maji tukayatia majivu ili yaonekane.

Tukaanza na Jumanne. Watu wakaja mmoja mmoja, wakamwaga makopo yao, maji yakapita vizuri, shimo likapokea. Jumatano vilevile. Watu wakaanza kutazamana na kutabasamu. Mwanangu, siku ile niliogopa. Kompyuta inapokukosea, unakosea peke yako chumbani. Hapa baba yangu alikuwa amesimama mbele ya watu wake wote, na mimi nimewafanya watu wazima wachezee nyasi. Ilinipitia akilini kwamba labda nilibonyeza vibaya kule kwenye kompyuta, labda hesabu yangu ndiyo iliyofurika. Nikasema Jumamosi. Nikasema Jumapili, kaeni chini, ila jazeni makopo. Wakakaa, wakataniana, mmoja akaanzisha wimbo wa misa. Kisha nikasema, sasa ni Jumatatu alasiri, njooni kama mnavyokuja.

Wakaja kama wanavyokuja. Wote, kwa kusukumana, kila mmoja na makopo mawili, wenye mashamba makubwa na zaidi, wanaokawia wakipiga kelele kwamba wamerukwa. Shimo likajaa. Wa nyuma wakaendelea kumwaga, kwa kuwa wa nyuma hajui ya mbele. Maji ya kijivu yakavuka ukingo, yakateremka taratibu kwenye majani, na sisi sote tukayafuata kwa macho mpaka yalipoingia kwenye chemchemi na kuitia ukungu.

Kina mama walikuwa wameacha ndoo zao pale pale kwenye chemchemi.

Baada ya hapo sikuhitaji kuhutubia. Mwenye macho haambiwi tazama. Watu walianza wenyewe kusogeza nyasi kwa miguu: shimo liende upande wa pili wa kilima, yawe mawili, mfereji uzunguke. Walibishana mpaka jua likapungua, nami nilikuwa nikikimbia huku na huku nikiwaambia hili litafaa, hili halitafaa. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuipata mbele ya kompyuta yoyote.

Lakini usidhani mambo yaliisha kwa vigelegele. Kuhamisha mashimo kulitaka mfereji mrefu na kuchimba kwingi, na mavuno hayangoji. Mnunuzi alipoambiwa kituo hakitawahi, alipanda gari lake akavuka bonde, akawapa maneno yaleyale wa kijiji cha jirani. Wale wakajenga haraka, mahali pa tambarare upande wa juu wa kisima chao. Mwaka ule sisi tukauza kahawa yetu kwa walanguzi kama kawaida, kwa bei ya kusikitisha. Kuna nyumba zilijitoa kwenye kikundi. Kuna watu waliacha kuniamkia. Niliporudi chuoni nilikuwa naamka nikijiuliza kama nimewanyang'anya watu wangu riziki kwa ajili ya shimo la kufikirika. Hilo ndilo lililonikosesha raha miezi ile yote, nami siwezi kukuficha.

Likizo ndefu ikanikuta tena Namswea, kilele cha mavuno. Siku moja nilikuwa kwenye chemchemi na baba na watu wachache wa kikundi, tunasafisha njia, tukaona kina mama wanapanda kutoka bondeni na ndoo tupu. Walikuwa wa kijiji kile cha jirani. Hawakusema kilichowaleta, lakini harufu tulikwisha kuisikia kwa siku kadhaa upepo ukivuma kutoka kwao. Walisimama mbali kidogo, kama watu wanaoomba.

Ulimi ulikuwa ukiniwasha, mwanangu. Miezi yote ile ya kubezwa nilikuwa nimeisubiri siku hiyo. Nikafungua kinywa. Baba akanishika mkono.

"Wapisheni wachote kwanza," akawaambia watu wetu. "Na asiwepo wa kuwauliza neno."

Wakachota. Nikamsaidia mama mmoja kujitwika. Ndoo ilipotulia kichwani alinitazama, akanijua, akasema polepole: "Binti, na kwetu uje utulazie nyasi."

Nilikwenda. Kazi yangu ya kwanza ya uhandisi ilikuwa kule, si kwetu, na uchungu wa kazi ile ni kwamba kisima kilikuwa kimekwisha kuharibika. Maji yakimwagika hayazoleki. Tulichoweza ni kuyazuia yasiendelee, na kungoja pamoja nao mpaka wapate maji mapya.

Basi nasaha zangu ni hizi, na nazisema waziwazi nisije nikakuachia mafumbo. Ubuni kiwanda chako, ukiigize, ukitese, na uingize ndani yake maisha ya watu wenyewe: siku zao za ibada, saa zao za kuteremka na mizigo, pupa yao na foleni yao. Ukishaona hatari, usiridhike kwamba umeiona. Kaa nao mpaka waione, hata kama itakubidi uitoe kwenye kioo na kuiweka chini kwenye nyasi. Ukiwa sahihi ukapata hasara, ivumilie, haimaanishi ulikosea. Na wakija siku moja na ndoo tupu wale waliokucheka, wapishe wachote.

Nenda, mwanangu. Mungu akutulize miguu pale unapotakiwa kukaa, na akuwashie moto pale unapotakiwa kuharakisha. Kila utakachokijenga, aliye chini ya mlima anywe maji yake kwa amani, asijue hata kwamba ulimfikiria.