Jeneza Lililorudi Uani

Jeneza likitoka hurudi tupu. Ndivyo nilivyojua mimi mpaka siku tuliyomtoa mama. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, uani mwa nyumba kuu ya ukoo, mikono inanuka kafuri kwa sababu nilimuosha mwenyewe. Wanaume walikuwa wameondoka naye baada ya sala ya adhuhuri, na sauti zao zikafifia kuelekea makaburini. Si mbali. Hata maji ya kahawa yalikuwa hayajachemka tuliposikia miguu inarudi.

Shangazi mmoja akauliza, "Mbona upesi hivi?"

Nikatazama mlangoni nikaona mabega. Watu waliobeba jeneza tupu hutembea wamelegea, wanapiga soga kidogo, mmoja anashika kwa mkono mmoja tu. Hawa walikuwa wameinama na shingo zimewatoka mishipa. Mama alikuwa bado yumo.

Wakamweka chini kando ya kisima, pale pale alipofagia maisha yake yote. Hakuna aliyelia. Kumlilia maiti anapotoka tunajua. Akirudishwa, hatukufundishwa. Nikamwendea kaka yangu, yeye alikuwa ameshika mbele upande wa kulia.

"Kuna nini?"

"Wamesema hayumo kitabuni," akaniambia, macho chini.

Nimechoka kukieleza kitabu hicho, lakini bila kukieleza hamtanielewa. Mimi si msomi. Nilikaa chuoni mpaka nikahitimu Kurani, skuli nikaacha darasa la nne. Haya nayajua kwa kuyasikia kila mwaka, tangu nikibebwa mgongoni.

Babu wa ukoo wetu aliishi karne ambayo wazungu huiita ya kumi na nane. Alikuwa mkubwa wa mji wetu mdogo huu, kaskazini ya Malindi, kabla hujafika Gongoni. Alikuwa na vyeo vitatu, na sisi watoto tulivikariri kabla ya kujua kuhesabu: Mwinyi kwa kuzaliwa, Shehe kwa kuchaguliwa na wazee wa mji, na Liwali kwa waraka ulioletwa na chombo kutoka Arabuni. Yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuvaa mitawanda, vile viatu vya mti, ndani ya mji. Watu wakiusikia mlio wake njiani walivua vyao. Alipotoka kwenda msikitini, baragumu la pembe lilipigwa mbele yake.

Alikuwa na wake watatu, kila mmoja na ghorofa yake au chumba chake katika nyumba ya mawe, na kila mmoja na mlango wake ili wasikutane wakiwa wamenuna. Halafu alikuwa na suria. Huyo alitoka bara, nyuma ya Matsangoni, kwa Wagiriama. Wengine husema alitekwa, wengine husema aliletwa mwaka wa njaa. Alilala uani, karibu na jiko. Alimzalia mzee mtoto wa kiume, na mzee akafanya jambo ambalo wake zake hawakumsamehe. Alimbeba mtoto yule mpaka barazani, mbele ya watu, akasema, "Huyu ni damu yangu. Yeye na watakaotoka kwake watazikwa nitakapozikwa mimi." Akaamrisha yaandikwe kitabuni. Yakaandikwa, ukurasa wa mwisho.

Kutoka hapo tukawa nyumba mbili. Watoto wa wake wakaitwa wa juu. Sisi tukaitwa wa uani. Nilipokuwa mdogo niliuliza mwalimu wetu wa chuo, akanijibu bila kuinua kichwa, "Sheria haijui mtoto wa uani. Baba akimkubali, ni mtoto." Nikakimbia nyumbani kumwambia mama. Mama akacheka, akasema, "Nenda kawaambie wa juu, halafu urudi unisaidie kumenya vitunguu."

Kila mwezi wa Shaabani ukoo hukusanyika kusoma khitma ya mzee. Wa juu hukaa barazani na kitabu hufunguliwa. Jina linasomwa, watu wanaitikia, "Mungu amrehemu." Sisi tunapika. Kazi ya pilau ni ya wa uani tangu zamani hizo, na hakuna aliyewahi kutuuliza kama tunaitaka. Lakini mwisho kabisa, kila mwaka, msomaji alifika kwenye ukurasa wetu. Mama aliacha mwiko, akajifuta mikono kwa kanga, akasogea mlangoni kusikia. Babu yake akatajwa, baba yake akatajwa. Wanawake walikuwa wakitajwa pia, ndipo jina lake likatajwa kati ya walio hai, nasi tukaitikia kutoka jikoni, "Mungu amuweke." Dakika ile moja ndiyo aliyopikia.

Wa juu walikuwa na utani wao. Mke wa mjomba, mkubwa wa nyumba ya juu, alipenda kupaza sauti kutoka ghorofani, "Enyi wa uani, pilau iko wapi? Au mmeila?"

Mama humjibu, "Pilau iko uani, bibi, na heshima iko huko juu. Lakini harufu mbona inatoka huku?"

Wanawake tunaangua kicheko. Hata yeye wa juu alicheka, nadhani.

Sasa nije kwa wahusika. Majina yao sitayaandika. Wameyapenda majina kuliko watu, basi nitawataja kwa walichofanya.

Wa kwanza ni mjomba wangu, binamu ya mama, mkubwa wa nyumba ya juu. Huyu alikuwa karani ofisini Malindi, akastaafu, akarudi kukaa katika ghorofa ambayo nusu ya dari imeanguka. Waraka wa Arabuni haupo, baragumu halipo, mitawanda imebaki mmoja wa kushoto. Lakini anataka kuitwa Mwinyi. Ukimwambia, "Shikamoo, mjomba," anatazama ukutani. Ukisema, "Shikamoo, Mwinyi," ndipo anapokumbuka kuwa ana masikio. Ufunguo wa lango la makaburi anao yeye.

Wa pili ni mwanawe, aliyesimama langoni siku ile.

Wa tatu nitamtaja baadaye.

Kitabu kilikaa katika shubaka la ukutani ndani ya ukumbi, na mama ndiye aliyekuwa akipangusa vumbi humo. Mwaka mmoja alikikuta mchwa wamekiingia. Akaniita nikaja kutoka Barani, mtaa wa Malindi ninakoishi. Tukakifungua pamoja juani, juu ya ungo. Wameanza na jalada la mbele, wakatoboa kurasa za mwanzo mpaka ukishika karatasi inamwagika kama pumba. Mke wa kwanza, wa pili, watoto wao, wote wametobolewa. Kurasa za mwisho zilikuwa nzima. Ukurasa wetu una doa la zafarani pembeni, la kidole cha mtu aliyekuwa akipika zamani akashindwa kungoja. Herufi za Kiarabu nazisoma. Nililiona jina la mama kwa macho yangu, halina hata tundu.

Mjomba akaleta habari kuwa atakinakili upya. Kuna watu wa ardhi wanakuja kuandika warithi wa nyumba na uwanja wa makaburi, akasema, na haifai kuwaonyesha kitabu kilicholiwa. Mama akaniambia, "Mpelekee."

Nikamwambia, "Tumwite mtu ashuhudie. Tuhesabu kurasa."

Aliniangalia kama nimetukana. "Mwenye cheo haombwi shahidi, mwanangu. Atasema tumemfanya mwizi."

Hivyo ndivyo tulivyo. Mtu atatunyima maji miaka mia mbili, lakini tukimpa kitu mkononi hatumuombi ushahidi, kwa sababu ni utovu wa adabu. Nilikifunga kitabu katika kanga mpya ya mama, nikapanda nacho ngazi, nikakiweka mapajani mwa mjomba kwa mikono miwili. Nikasema, "Shikamoo, Mwinyi." Akasema, "Marahaba. Kanga ni ya kwako au ni ya kitabu?" Nikamwachia na kanga.

Basi, wa tatu ni mimi.

Shaabani iliyofuata, kitabu kipya kilisomwa, kina jalada la kijani. Mama alikuwa mgonjwa tayari, miguu imevimba, amekaa kwenye kibao karibu na jiko. Wakasoma, wakasoma, kisha nikasikia Fatiha ya kufunga, na ukurasa wetu haujasomwa. Niliacha mwiko. Mama akasema, "Wamechoka leo, wana haraka. Koroga, usije ukaunguza." Sikuuliza. Huo ndio unyamavu ninaojutia kuliko wote, kwa sababu alikuwa hai na angeweza kujisemea. Baada ya miezi minne alifariki.

Yaliyotokea langoni nimeyapata kwa kaka yangu, kidogo kidogo, kama mtu anayetoa miba. Anasema kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa, pembe ya mashariki, pamoja na wa uani wenzake. Jeneza lilipofika, lango lililoachwa wazi asubuhi kwa wachimbaji lilikuwa limefungwa. Binamu yetu, yule mwana wa mjomba, amesimama mbele yake na kitabu cha kijani kwapani.

"Nionyesheni jina lake," akasema, "nami nitafungua."

Mzee mmoja akamwambia, "Kijana, maiti yuko juani."

"Hata mimi niko juani. Uwanja huu sasa una orodha. Nikimwingiza mmoja, kesho nitaingiza nani?"

Na mjomba? Alikuwa amekaa ndani ya ukuta, kivulini, wanamwona kati ya vyuma vya lango. Wakamwita. Akasema, "Kitabu ndicho kinachosema, si mimi."

Kaka yangu alikuwa na jeneza begani. Nilimuuliza, "Na wewe ulisema nini?" Akasema hakusema kitu. Anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi Gongoni, na aliyemtafutia kazi ile ni binamu. Mama alizaa sita, tumebaki wawili, na mmoja wetu ameamua kuwa bubu.

Tulimzika alasiri, huku Malindi, makaburi ya watu wote, kati ya watu tusiowajua. Nao ni Waislamu wema, sisemi vibaya. Pikapu aliileta rafiki wa kaka, ya kubebea magunia. Chumvi ilikuwa imebaki kwenye bati, hakukuwa na wakati wa kuosha. Walipomteremsha, mkeka uliotandikwa chini ya jeneza ulikuwa umeshika chembe za chumvi zinameta, na mimi nilibaki Barani nikiukung'uta mkeka ule jioni mpaka mikono ikachoka.

Tulipomsomea mama arubaini nikapanda zile ngazi tena. Sikumpa shikamoo ya Mwinyi.

"Mjomba," nikasema, "ukurasa wetu uko wapi?"

Akatazama ukuta. Nikakaa chini, nikangoja. Mwisho akasema, "Mchwa, mwanangu. Mchwa hawajui nasaba."

"Mchwa walikula mwanzo. Walimla bibi yako wewe. Wetu ulikuwa mzima."

"Niliandika kilichosomeka."

"Aliyeliwa umemwandika, asiyeliwa umemwacha?"

 Mkewe, yule wa utani wa pilau, alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Nilimsikia akivuta pumzi. Sasa yeye ni mzee na mnene, hashuki ngazi. Akasema polepole, "Mpe mtoto wa watu jibu, Mwinyi." 

"Kitabu cha zamani nipe nikione," nikasema.

"Nilikichoma. Karatasi yenye jina la Mungu haitupwi."

"Na kanga ya mama?"

Hapo ndipo aliponitazama, mara ya kwanza maishani mwangu nadhani, na sikuona aibu. Niliona mtu anayejaribu kukumbuka kanga ipi.

Nimerudi mara mbili tangu siku hiyo. Mara ya kwanza alikuwa analala. Ya pili, binamu aliniambia kwenye ngazi, "Dada, yaliyopita yamepita. Tuletee pilau Shaabani, ndugu ni ndugu." Magoti yangu ni mabovu, kila kupanda ni kazi, na kaka anasema niache, nitamharibia kazi.

Shaabani imekaribia. Mwaka huu sipiki. Wanawake wa uani nimezungumza nao, na wao hawapiki. Nitakuja mikono mitupu, nikae barazani, sehemu ambayo mama hakuikalia hata siku moja. Kitabu cha kijani kikifungwa nitasimama mbele ya watu wote nikuulize, mjomba, na naandika hapa ili usiseme nilikuvizia. Ni nani aliyekuambia uuache ukurasa ule, au uliamua peke yako? Ulipokuwa umekaa kivulini ndani ya ukuta, ulimwona mama yangu au hukumwona? Kaburi lake lililochimbwa pembe ya mashariki, nasikia limefukiwa. Mmemweka nani humo? Mimi ninakwenda wapi nikifa? Simuulizi mzee aliyevaa mitawanda, yeye alisema lake na likaandikwa. Nakuuliza wewe. Nijibu kwa mdomo wako, siyo kitabu.