Maji Yakija, Maji Yakijaa

Rangi ya sanduku jipya la bati ikipigwa na jua ina harufu yake, kali, ya kukereketa koo, na mpaka leo nikiinusa dukani hutoka nje. Ndiyo harufu ya siku nilizokaa juu ya sanduku langu ukingoni mwa mto Tana, kijijini Ozi, nikisubiri mtumbwi usiokuja. Sanduku lilikuwa la kijani, jina langu limeandikwa kifunikoni kwa rangi nyeupe. Godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba, na barua ya kuniita kidato cha kwanza nilikuwa nimeitia kwenye mfuko wa nailoni nikaifundika kwenye pindo la leso. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa na hasira. Sitaki kumdanganya mtu kwamba hasira ile imekwisha yote.

Barua ilisema niripoti Garsen Jumatatu, na asiyefika mpaka Ijumaa nafasi yake atapewa mwingine. Kabla ya mwaka ule, katika mtaa wetu pale Kipini hakuna msichana aliyekuwa amewahi kupata barua kama ile, na mimi niliipata kwa sababu ya Kiswahili. Hesabu zilinishinda, sayansi nilijikokota, lakini Kiswahili nilikipasua, na ulimi wangu ukawa hauna breki. Nilimsahihisha muuza samaki, nilimsahihisha mwalimu wa hesabu, nilimsahihisha hata shangazi akiwa msibani. Mwaka ule ulikuwa wa mvua za El Nino. Barabara ya Witu kwenda Garsen ilikuwa imekatika vipande, na palipokuwa pakavu watu waliogopa majambazi. Njia iliyobaki ilikuwa mto.

Baba alikuwa fundi wa mashua. Huko juu mtoni, Ngao, alikuwa na rafiki yake Mpokomo, Mzee Komora, mwenye mtumbwi mrefu wa kubeba mizigo. Baba alituma salamu kwa mama mmoja wa huko aliyekuja Kipini kuuza ndizi: amwombe Komora atuchukue mimi na Baba hadi Garsen. Yule mama aliporudi na jibu, Baba alikuwa bandani kwake anagonga misumari, kwa hiyo yule mama akanikuta mimi uani naosha vyombo. Aliniambia, "Komora anasema atachukua nyinyi Ozi, maji yakija."

Nilimcheka kimoyomoyo. Atachukua nyinyi! Nikaenda bandani na ujumbe nimeshausafisha njiani: Mzee Komora atatuchukua Ozi, maji yakijaa. Nilikuwa nimerekebisha makosa mawili, la kwanza la kweli na la pili la kubuni, na wallahi nilijiona nimefanya la maana. Kwetu sisi watu wa baharini maji hayaji, maji hujaa na kutoka, kila siku mara mbili. Nani asemaye maji yakija?

Baba akahesabu vidole vyake, akatazama mwezi, akasema bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, ni Jumamosi. Alifurahi. Alisema mtu anayepanga safari kwa maji kujaa ni mtu anayeijua kazi yake. Jioni ile jirani yetu alipita kutuambia kuna trekta ya mtu wa Witu itakayovuka Jumapili na wanafunzi hadi Garsen. Binti yake anakwenda nayo, na pembeni pana nafasi ya mtu mmoja na sanduku. Baba alimshukuru sana, akakataa. Kwa nini mtoto akale matope juu ya trekta na bahari itamsukuma bure?

Basi Jumamosi tukapanda kidau chake. Ukweli lazima niuseme, ilikuwa safari tamu. Bahari ilipojaa iliingia kinywani mwa mto ikausukuma nyuma, mto ukawa unakwenda kinyumenyume na sisi juu yake, kasia zimelala. Mikoko ilipita, kisha ikaanza migomba na mashamba ya mpunga, na maji yakawa matamu ukiyaonja. Ozi tulifika maji bado yanapanda, yanaingia taratibu kwenye mifereji ya mpunga kama kila siku. Nikaketi juu ya sanduku. Komora hakuwepo.

Hakuwepo maji yalipojaa, hakuwepo yalipotoka, hakuwepo yalipojaa tena. Kidau chetu kilikuwa cha baharini, na mbele ya pale hakuna bahari ya kukisukuma. Mkondo ungeturudisha Kipini kabla ya adhuhuri. Tulifikia kwa bibi mmoja mkulima wa mpunga, Bi Hawaa, aliyetupa chumba na samaki wa kamongo asiyeliwa na Baba. Kila maji yakijaa Baba alikuwa anasimama ukingoni, mkono usoni kukinga jua. Jumatatu ikapita. Jumanne Bi Hawaa, akipepeta mchele wake, alimwuliza tunamsubiri nani hasa, na Baba akamweleza kwamba tumeahidiwa mtumbwi maji yakijaa.

"Maji gani?" akauliza Bi Hawaa.

Baba alikasirika. "Kwani kuna maji mangapi?"

Bi Hawaa hakubishana na mgeni. Alisema tu kwamba watu wa juu wakitaja maji humaanisha ya mto, yale yanayoteremka mvua ikinyesha huko bara, na kwamba hayo hayana saa wala mwezi. Baba akamwambia ujumbe ulisema yakijaa, na bahari ndiyo inayojaa. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka hapo. Nilisikia sauti ya yule mama wa ndizi waziwazi, maji yakija, na a moja tu mwishoni, na mahali ile a ya pili ilipotoka nilipajua. Ningeweza kusema palepale. Nikainama nikafundua leso nikatazama barua kama bado ipo.

Kusema kungesaidia nini, nilijiambia. Trekta ilikuwa imekwenda tangu Jumapili na binti wa jirani alikuwa ameshapewa kitanda. Hayo yalikuwa maneno ya mwoga. Nilimkasirikia Baba kwa kiburi chake cha bamvua, nikamkasirikia yule mama kwa Kiswahili chake, nikalikasirikia hata sanduku, nikalipiga teke likabonyea upande, na bonyeo lile bado lipo.

Alhamisi maji yalikuja. Hakuna neno jingine linalofaa. Yalikuja mekundu, mazito, na magogo na mabonge ya nyasi na harufu ya samadi ya ng'ombe wa Waorma kutoka nyikani, na bahari ilipojaribu kujaa saa zake ikashindwa hata kuyasimamisha. Ijumaa asubuhi Komora naye akatokea, anausukuma mtumbwi kwa pondo pole pole, shati kavu, mtu asiyechelewa kokote. Alitusalimu kwa furaha. Baba hakuitikia. Alimwambia amemharibia mtoto, kwamba ahadi ilikuwa maji yakijaa na yamejaa mara kumi na mbili bila yeye.

"Mimi nilisema maji yakija," Komora akasema. "Mvua ikipumzika mto unashuka, nitapita wapi? Ni tope tupu. Maji yakija tunakata mbugani, kona zote tunaziacha."

"Ulisema yakijaa."

Wakabishana pale ukingoni, watu wazima wawili, kila mmoja akisema kweli. Komora aliuliza nani alipokea ujumbe, na Baba akasema binti yangu, na huyu Kiswahili chake hakina doa. Komora akanitazama. Nikatazama maji. Alilichukua sanduku akaliweka katikati ya mtumbwi.

Tulikata mbugani juu ya malisho yaliyofunikwa, vilele vya miti vikitokeza, na kwa mbali ng'ombe wamejazana juu ya kilima kidogo kikavu. Baba alimpa Komora mgongo njia nzima. Tulilala Golbanti, na Garsen tulifika Jumamosi. Komora alibeba sanduku langu kichwani mpaka langoni, na naibu wa mwalimu mkuu akatuonyesha orodha: jina langu limepigwa mstari, na juu yake limeandikwa la mtu mwingine. Baba alisihi. Sikuwa nimewahi kumsikia akisihi. Nilipokwenda kando kulia, Komora alinifuata akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, Kiswahili ni chenu. Lakini mto ni wetu."

Nilirudia darasa la nane, dawati moja na mdogo wangu. Mwaka uliofuata nikaitwa tena, shule nyingine, ndogo, nikaenda. Leo mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mcheke mkitaka, na lami imefika Witu, na kutoka Kipini hadi Garsen ni safari ya asubuhi moja. Mto ndio uliochoka. Watu wa Ozi wananiambia maji ya juu siku hizi yanakuja kwa nadra, ya bahari ndiyo yanayopanda na chumvi yake na kuunguza mpunga. Komora alikufa bila Baba kumwamkia tena, na Baba kila akipata msikilizaji humtaja kama mfano wa mtu asiye na ahadi.

Likizo iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nilimkuta Baba barazani na redio yake, nikamweleza yote: mama wa ndizi, vyombo, ile a moja, na jinsi nilivyonyamaza Ozi. Baba alipunguza redio, akasikiliza mpaka mwisho, akafikiri.

"Yakija na yakijaa si ni yale yale?" akasema. "Maji yakija si hujaa? Yule Komora angetaja siku."

Akaongeza redio. Nilifungua kinywa nimsahihishe, nikakifunga.