Matairi ya Theluji ya Shemeji Kasmir

Shemeji yangu Kasmir anapendwa na watu wengi hapa Guangzhou. Mimi simo. Wanasema ni mchangamfu, mstari wa mbele kwenye michango ya misiba, na kwenye ibada yetu ya Kiswahili anaimba besi mpaka vioo vinatetemeka. Yote ni kweli, na mimi bado simpendi.

Kasmir ni mtu wa Makete. Kabla ya kuja China aliendesha malori ya mbao, na hilo hakuruhusu mtu alisahau. Ukilalamikia kibaridi cha Januari, anakwambia kwao watu wanaamka sakitu imetanda kwenye majani na watoto wanakwenda shule peku. Ukitaja barabara mbaya, anakwambia jinsi alivyokuwa akipunguza upepo kwenye matairi ili lori lishike tope. Hakuna jambo duniani ambalo hajaliona Makete. Huku alikuwa mfanyabiashara wa matairi. Aliyanunua viwandani, akayapakia kwenye kontena kule Nansha, yakauzwa Mbeya na Tunduma.

Mkewe, Bibiana, mama yake Agape, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Yeye biashara yake ilikuwa vitambaa. Alilijua soko la Zhongda ghorofa kwa ghorofa, alikuwa akipanda na kushuka ngazi zile kutwa nzima na robota begani, na Kichina chake kilikuwa cha kubishana bei, kile ambacho hakuna shule inayokifundisha. Kwa hiyo Kasmir, ambaye Kichina chake kilikuwa salamu tu, alimburuta kila alikokwenda.

Vuli ya mwaka 2007, kwenye maonyesho ya Pazhou, tulikuta kiwanda kilichotengeneza matairi ya theluji kwa ajili ya mnunuzi wa Urusi. Mnunuzi kajitoa, mzigo umekwama, wanauza kwa bei ya kutupa. Binti wa kiwandani akatoa vipande viwili vya mpira kwenye friji ndogo. Cha tairi la kawaida kilikuwa kimekakamaa kama soli ya kiatu kikuukuu. Cha tairi la theluji ukikibonyeza kinabonyea. Akaeleza kwamba baridi ikizidi, tairi la kawaida linakuwa gumu na halishiki barabara, hata kama umelinunua jana, ilhali hili linabaki laini, na vile vichanjo vyake, mikato midogomidogo juu ya mpira, vinang'ang'ania barafu. Bibiana alimtafsiria mumewe neno kwa neno. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu.

Kasmir akaitikia "hao, hao," yaani vizuri, vizuri, akanunua mzigo wote akauze Mbeya.

"Mpira laini hivyo kwenye lami ya joto utaisha kama kifutio," nikamwambia.

"Shemeji Melania, wewe uza blauzi."

Januari ikaja, na theluji ambayo wenyeji wenyewe walisema hawajapata kuiona. Televisheni ilionyesha barabara ya kaskazini, kule milimani kabla ya kuingia Hunan, imeganda kama kioo. Kasmir alikuwa na mzigo wa ringi kwenye kiwanda cha upande huo, na kiwanda kilikuwa kinafunga kwa Mwaka Mpya wa Kichina. Niliposikia anakwenda na Bibiana, nilikwenda stoo kwake mbio. Nikamkuta dada wa watu kishavaa koti, gari linaunguruma.

"Angalau badilisha matairi," nikamwambia Kasmir. "Unayo humu mpaka darini, na saizi ni ya Haisi hii hii."

"Tairi likishagusa barabara ni mtumba. Nikauze mtumba mimi?"

"Basi mwache Bibiana."

"Na laobani, bosi wa kiwanda, atasemeshwa na nani? Wewe unayejua *taigui* tu, ghali ghali?" Akacheka. "Shemeji, baridi mimi nimezaliwa nayo. Hawa Wachina wa kusini ndio wanaoiogopa."

Nilimshika mdogo wangu mkono. Akaniambia, "Dada, usigombane naye. Tutarudi." Nilitamani kumtemea mate yule mwanamume usoni.

Yaliyofuata alinisimulia Bibiana mwenyewe. Barabara ilipoanza kung'aa, malori yamepaki pembeni, Kasmir alisimamisha gari, akashuka, akapunguza upepo kwenye matairi yote. Dawa ya tope la Makete! Bibiana akamsihi wageuze. Akamwambia atulie. Kwenye mteremko akakanyaga breki, matairi yakagoma kuzunguka lakini gari likaendelea kwenda, taratibu, kiubavu, mpaka likajibamiza kwenye vyuma vya kingo. Ubavu wa Bibiana.

Mguu wa kulia waliukata chini ya goti. Kasmir alitoka bila mkwaruzo. Pale hospitalini alinijia na machozi, "Shemeji, ni mipango ya Mungu." Nilimsukuma akaangukia mabenchi, na sijuti.

Desemba iliyofuata, matairi yale ya theluji yakiwa bado hayajapata mnunuzi, Jules alifika stoo. Ni Mkongo wa Lubumbashi, ana gari la kukusanyia mizigo ya wenzake kule Hunan. Bibiana alikuwa ameketi kwenye kigoda, magongo ukutani, akinywa chai nami. Siku hizi Zhongda anaisikia kwa watu.

"Papa Kasmir, miye sione maana ya kubadilisha," alisema Jules. "Pneu ni pneu. Na zangu ziko nouveaux, mpya kabisa."

Ungemsikia Kasmir! Alishusha tairi la theluji, akalibonyeza kwa dole gumba, akaeleza habari ya mpira kukakamaa, vichanjo, mteremko, breki. Alisema kwa ufasaha wa mchungaji. Kila neno la mpira na vichanjo lilikuwa lile alilotafsiriwa na mkewe Pazhou.

"Usidharau barafu, ndugu yangu," akamalizia. "Mimi yamenikuta. Mke wangu huyo hapo, muulize."

Jules akamgeukia Bibiana kwa heshima. "Pole sana, mama. Siku ile mulikosa pneu za namna hii?"

Bibiana akaweka kikombe chini. "Mjibu, Baba Agape. Mwambie siku ile yalikuwa wapi."

Kasmir alilitazama tairi mikononi mwake. Akatazama rundo lililofika darini.

"Hapahapa," akasema.

Sikumwonea huruma. Nilimmiminia mdogo wangu chai nyingine.