Meli ya Bomba Nne

Picha niliinunua mwenyewe sokoni Kitale, na hakuna mtu aliyenishauri. Ilikuwa ndani ya fremu yenye kioo: meli nyeusi, ndefu kama mtaa mzima, na juu yake bomba nne za moshi. Mimi nilikuwa na mashine ya kusaga mahindi yenye bomba moja, na kwa hilo bomba moja nilijenga nyumba ya matofali, nikanunua lori, nikasomesha watoto sita, mimi niliyeishia darasa la tatu. Nikasema, mwenye bomba nne huyo ni mtu wa maana. Nikaipandisha hadi kwangu, juu ya Kapsokwony, nikaitundika ukutani pale kwa mashine, mahali ambapo kila anayetua debe lake lazima aione.

Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kizungu. Sikuyajali.

Wa kwanza kucheka alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya karibu, mama wa makamo aliyeishi peke yake, ambaye alisaga kwangu kila Jumamosi. Alisoma yale maandishi, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mzee, unajua hii ni meli gani?"

"Ni meli kubwa."

"Si hii ndiyo ilizama! Safari yake ya kwanza, bana! Walisema ati haiwezi kuzama, ikagonga barafu."

Mdogo wangu, ambaye ndiye aliendesha mashine, alizima injini ili asikie. Mwalimu akatusimulia. Kwamba meli zingine zilituma habari mapema: kuna barafu mbele, angalieni. Kwamba mashua za kuokoa watu zilikuwa chache, na hata zile za kwanza ziliondoka nusu tupu, kwa sababu meli bado ilikuwa na taa na joto, na hakuna aliyewaambia watu ukweli wote. Halafu, watu walipokuwa majini wanalia, karibu mashua zote zilikaa mbali. Nafasi zilikuwa nazo, lakini zikakataa kurudi.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Waliogopa, mzee."

"Waliogopa! Wanaume gani hao? Mimi ningerudi."

"Haya," akasema, akifunga unga wake. "Basi siku yangu ya kuzama nitakungoja wewe."

Tulicheka wote watatu. Alipoondoka, mdogo wangu akaniambia, "Mkubwa, toa hiyo kitu kwa ukuta. Iko na mkosi."

"Mkosi ni uvivu," nikamjibu. Picha ikabaki.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili, wakati maneno ya mashamba yalianza kuchacha mlimani: nani alipewa, nani alinyimwa, nani alikuja juzi. Mimi nilitoka Sirisia nikiwa kijana mwenye panga tu, shamba nikalinunua kwa jasho, lakini midomoni mwa wengine nilikuwa bado mgeni. Asubuhi moja nikamwona jirani yangu juu ya paa la nyumba yake, anang'oa misumari. Mabati aliyapanga chini vizuri, marefu peke yake na mafupi peke yake. Akashuka, akatoa milango. Akatoa na madirisha.

"Unabadilisha mabati?" nikamuuliza.

"Napumzisha nyumba," akasema, na hakuniangalia.

Mtu akitoa mlango wa nyumba yake mwenyewe, ujue kuna kitu ameambiwa. Mke wangu aliona kama nilivyoona.

"Baba, unangoja nini? Wakuletee barua?"

"Sikimbii shamba langu."

Barua ililetwa. Niliikuta chini ya mlango wa mashine, karatasi ya daftari la shule. Mdogo wangu alinisomea mara moja tu, kwa sauti ya chini, akaikunja ikawa ndogo kama kidonge. Hapo ndipo nilipokubali kuwapeleka wanawake na watoto kwa shemeji yangu Kitale.

Kesho yake asubuhi nikapakia mke wangu, wajukuu watatu, vitanda viwili na kuku. Nyuma ya lori kulibaki nafasi ya kubeba ng'ombe wanne. Mdogo wangu nikamwambia, "Wewe baki hapa na mashine, na isinyamaze. Ikinyamaza watasema tumetoroka. Leo hii hii narudi kukuchukua."

"Unarudi kweli?"

"Nilikudanganya lini?"

Mashine yangu ilikuwa na sauti kali, tu-tu-tu, iliyoteremka mlima mpaka kwenye daraja la mbao kule chini. Tulianza safari tukiisikia nyuma yetu. Kabla hatujafika mbali, mwalimu akasimamisha lori. Alikuwa na mkoba na vitabu vya watoto vya kusahihisha. Aliangalia vitanda, akaniangalia.

"Mzee, imefika hapo? Nipande?"

Niliona haya. Mtu wa nyumba ya matofali, mtu wa lori, aonekane anahama kama jirani yake wa mabati? Nikacheka. "Ah, mwalimu! Hawa nawapeleka tu wasalimie watu. Kesho kutwa wamerudi."

Mke wangu aliinamisha kichwa. Mwalimu akarudi nyuma hatua moja, akatupungia mkono.

Kitale sikunywa hata chai. Niliwashusha nikageuza. Njiani nikaanza kukutana na pikipiki zinateremka, kila moja na watu watatu na godoro. Saa tisa alasiri nikafika kwenye daraja. Nikazima lori, nikatoa kichwa nje nisikilize.

Kimya. Miaka yote niliyopita pale mchana, sikuwahi kukuta kimya. Huko juu kulikuwa na moshi, na haukuwa wa bomba langu.

Mwenye pikipiki akanipigia kelele, "Mzee, geuza! Huko kumeharibika!"

"Ndugu yangu yuko huko. Lakini mashine imenyamaza."

"Basi si umejijibu?"

Nikasema moyoni, wameshamuua. Niligeuza lori pale kwenye kona nyembamba, mbele nyuma, mbele nyuma, injini ikinguruma. Lilikuwa tupu, kwa hiyo lilipiga kelele sana kwenye mawe.

Baada ya siku tisa mdogo wangu aliingia kwa miguu katika boma la baba yetu Sirisia, nilikokuwa nimekimbilia, nyayo zimepasuka. Nilimkumbatia nikilia. Yeye alisimama tu kama nguzo.

"Nilijua umekufa," nikamwambia. "Mashine ilinyamaza."

"Niliizima."

"Si nilikuambia usizime?"

"Niliizima nisikie lori yako, mkubwa."

Yeye akaendelea, polepole.

"Mwalimu alikuwa amekuja kungoja na mimi. Tulikusikia ukifika kwa daraja. Akainua mkoba, akasema, unaona, huyu mzee alisema angerudi. Halafu tukasikia ukigeuza."

Waliposikia watu wanakuja, waliingia kwenye mahindi, yeye upande huu, mwalimu upande ule. Ni hayo tu anayojua.

Nilimtafuta mwalimu. Niliuliza Kitale, katika viwanja vya makanisa ambako watu wa mlimani walikuwa wanalala. Niliuliza shule nyingi za Bungoma, nikisimama mlangoni na kofia mkononi, mimi nisiyezoea kumvulia mtu kofia. Malakisi niliambiwa yuko mwalimu mgeni aliyetoka mlimani. Nilienda mbio. Alikuwa mama mwingine.

Sasa mdogo wangu ana mashine yake hapo Sirisia, na mimi humpelekea mahindi kwa lori lile lile. Akimwona mteja yeyote anataka kuongea, huzima injini. Mimi nikifika, haizimi. Nasimama mlangoni nafungua mdomo, yeye anaangalia mahindi yakishuka, na mashine inaendelea, tu-tu-tu, mpaka nipakie unga niondoke.