Kutu Kwenye Kanzu za Bwera

Halimah, mama yake Shafic, alikuwa mfuaji wa kanzu pale mjini Bwera, na kanzu iliyotoka mikononi mwake ilimeta hadi mwenye nayo akaogopa kuikalia. Ila shuku zake, Mungu atunusuru! Muuza ndimu alimpunja, jirani alimsengenya, hata mbuzi akimtazama sana alitaka kujua katumwa na nani. Aliyesalimika ni Teopista peke yake, mwanamke wa Kikonzo kutoka Karambi, aliyefua naye bomba moja na kuanika naye kamba moja tangu wote wawili walipofiwa na waume zao.

Mwaka 2013, kuelekea Idi, kanzu zikaanza kutoka na madoa ya kutu. Mzee Magidu, mteja wake mkubwa, alirudisha yake ikiwa na doa la kahawia kifuani. Halimah akawaza: beseni ni la plastiki, kamba ni ya manila, kutu imetoka wapi kama si mkono wa mtu? Kikulacho ki nguoni mwako. Akamtuhumu Teopista palepale bombani, watu wakisikia, kwamba anampaka kutu kwa husuda.

"Mama Shafic, miye sikugusa ile kanzu," alisema Teopista, akakusanya nguo zake.

Wateja wakamkimbia Teopista kama mwenye upele. Kisha kutu ikarudi kwenye kanzu za Halimah, na Teopista hafui tena pale bombani. Basi mkono haukuwa wake.

Kiiza, mwalimu wa kemia aliyekuja kuchukua mashati yake, alimuuliza Halimah ni kipi kipya anachotumia. Ni buluu tu ya kung'arishia nguo nyeupe, ya bei rahisi, kutoka soko la Mpondwe. Kiiza akaikoroga kidogo, akaidondoshea maji ya magadi ya Katwe, ambayo Halimah hufulia ili kubana matumizi ya sabuni, na wala nguo hazisuuzi vizuri. Rangi ikafifia, ikabaki kutu. Kiiza akaeleza kwamba buluu ya aina ile ni chuma kilichofungwa na sianidi. Magadi huvunja kifungo hicho, chuma kikageuka kutu.

Halimah aliona aibu. Alikwenda mbio kwa Teopista, akamkuta akipakia vitu kwenye pikapu kurudi Karambi. Akamweleza yote, akaomba msamaha, akasema kanzu ya Mzee Magidu imetakata kwa ndimu.

"Kanzu umesafisha na ndimu," alisema Teopista. "Na jina yangu, utaisafisha na nini?"

Halimah alishika upande wa pili wa godoro la Teopista, wakalipandisha kwenye pikapu.