Mnyauko Niliupeleka Mimi, Lawama Akabeba Mama wa Watu

Ndugu zangu, nimekosa, na sitaki mtu anitafutie kisingizio. Nimeua kihamba cha mama wa watu, shamba la migomba alilokuwa akilitegemea, kisha nikanyamaza wakati anasemwa kwa kosa langu. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea. Mke wangu ananiuliza, "Baba, una nini?" Nasema tumbo.

Mimi ni mnunuzi wa ndizi. Naishi Njoro, hapa Moshi. Shule niliiachia njiani, lakini waulize sokoni nani alianza na toroli na leo ana Fuso mbili na nyumba ya vigae! Si maringo, ni kweli. Na kwa kukata mkungu hakuna wa kunifikia: pigo moja, mgomba unainama taratibu, mkungu unatua begani bila kuchubuka. Kina mama wa Kilema, kule mlimani ninakonunua, walikuwa wanasimama kuniangalia.

Mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, ulipoingia huko, wenye vihamba walikubaliana: anayekata ndizi achome panga motoni kabla ya kuingia kihamba kingine, au alioshe kwa jiki. Mgomba unaougua unatoa utomvu wa njano kama usaha, na ukibaki kwenye panga, unaupeleka kwa mgomba mzima. Tulielezwa. Nilisikia kwa masikio haya!

Nikacheka. Panga likikaa motoni makali yanakufa, na gari linangoja. Basi nikawa nalipitisha juu ya moto haraka haraka, kama padri anavyobariki.

Siku hiyo nilitoka kihamba cha juu, ambako ndizi zilikuwa zinaiva kabla hazijakomaa, dalili ya mnyauko. Mwenyewe aliniuzia kwa bei ya kutupa, na mimi nikajiona mjanja! Nikashuka moja kwa moja kwa mjane mmoja, nimwite Mama Aika, si jina lake. Alikuwa ameshakoka moto ananingoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Panga."

Nikalipunga pale motoni.

"Hilo umelionyesha moto, hujalichoma."

"Mama, mimi nakata ndizi tangu huyo Aika wako hajazaliwa! Unanifundisha kazi?"

Majirani waliokuwepo wakacheka. Nikakata mikungu, na kwa sifa zangu nikampogolea na majani makavu, mgomba baada ya mgomba, wanione nina moyo. Laiti ningekuwa mchoyo siku ile!

Niliporudi kununua tena, majani yalikuwa yananyauka. Migomba iliyotangulia ni ile niliyoigusa mimi, mstari mmoja, kama njia niliyopita.

Sasa, binti yake aliyeolewa Tarakea alikuwa amemletea miche ya migomba. Majirani wote wakasema ugonjwa umekuja na ile miche. Kwenye mkutano wa kitongoji mtu akanigeukia: "Wewe mangi unazunguka kote, unasemaje?"

Nikajibu, Mungu anisamehe, "Miche ya kuokotaokota ina mambo." Maneno hayo tu. Yalitosha.

Mama Aika aling'oa migomba aliyoachiwa na mama mkwe wake. Mkungu mmoja mzima uliosalia akampelekea jirani aliyejifungua, apikiwe mtori, ile supu ya ndizi ya wazazi. Ukaachwa nje ya geti, naye akaambiwa, "Upeleke Tarakea!" Watoto wakakatazwa hata kumwamkia.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikampelekea sukari na unga, nikamweleza yote nikiwa nimeinama. Hakulia, hakunitukana.

"Nilijua," akasema. "Miche ya binti yangu ile pale karibu na zizi, mpaka leo ni mizima."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

"Nilisema. Mjane mwenye miche na mwanaume mwenye Fuso, wewe ungemsikiliza nani?" Akanisukumia mfuko wa sukari. "Na mimi usiniambie, mimi ninajua. Kawaambie wao."

Wao! Yesu na Maria! Nimekwenda baada ya misa, nikasimama pale wanapopiga soga, nikaishia kuulizia ndizi. Mdomo huu unaoshinda madalali wote ukawa mzito kama jiwe. Naogopa kufungiwa vihamba, ndiyo. Lakini zaidi naogopa wataniuliza: na kwingine ulikopita je? Sijui! Hilo ndilo linanikimbiza usingizi.

Wewe unayekata ndizi za watu, choma panga mpaka ushindwe kuligusa. Mwenye kihamba akikwambia bado, usimjibu, choma tena. Na ukishaharibu, sema mapema, kabla mtu mwingine hajavalishwa kosa lako. Mimi nilingoja, na kila nikingoja ulimi unazidi uzito.

Jumapili napanda tena mlimani kuwaambia. Nikishindwa, basi nyie wa Kilema mnaosoma hapa: yule mama mnayemsema kwa miche ya binti yake, si yeye. Ni mnunuzi wenu. Waruhusuni watoto wamwamkie.