Ubao Unaouliza Mlango

Kuna siku moja ya mavuno, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo miguu inataka kukimbia. Ilikuwa hapa Eldoret, miaka ya chama kimoja, nami nilikuwa nimemaliza Form Four juzi tu. Tangu wakati huo nimehama miji mingi, sikai mahali. Lakini kila nikiona vijana kama wewe mkitengeneza kurasa za mtandao, moyo unarudi kwenye ile stoo ya mahindi karibu na reli.

Msimamizi wa stoo, Mzee Shadrack, alikuwa ameniajiri kuandika vibao. Langoni palikuwa na ubao mmoja mkubwa uliosema yote kwa pamoja: kukiwa na nafasi ingia, stoo ikijaa rudi. Watu waliusoma, kisha wakashuka kwenye trekta kuja kuuliza, "Sasa leo ni gani?" Nikamwambia Mzee tuuondoe. Niliandika vibao viwili, nikawa natundika kile tu kinachohusika wakati huo. Watu wakaacha kuuliza, na mimi nikajiona fundi kweli kweli.

Asubuhi ya siku hiyo stoo ilijaa. Mzee akafunga mlango, nikatundika STOO IMEJAA. Saa sita lori likaja likabeba magunia mengi, mlango ukafunguliwa tena. Mimi nilikuwa hotelini nakunywa chai. Ubao ukabaki vilevile.

Wakati huo wingu jeusi lilikuwa limeshuka upande wa Turbo. Mama Rispa, mkulima wa huko, akafika na trekta ya kukodi. Trela ilibeba mavuno yake yote ya mwaka, bila turubai. Akausoma ubao wangu, akamwambia dereva ageuze. Nilipotoka hotelini nilikuta trekta imeshika barabara ya kurudi kwenye lile wingu, na nyuma yake mlango wa stoo uko wazi kabisa.

Nilikimbia, mwanangu. Nilikimbia na kikombe cha hoteli mkononi, chai inanimwagikia kwenye shati.

"Mama, rudi, kuna nafasi."

"Na pale langoni pameandikwa nini?"

"Pale usitazame, Mama."

"Kumbe mnaandika ya nini? Mapambo?"

Akarudi. Tulibeba magunia sote, hata Mzee mwenyewe na kofia yake. Gunia la mwisho lilipopita mlangoni, mvua ikaanza kupiga mabati hata hatukusikizana.

Ilipotulia kidogo Mzee Shadrack aliniita. Hakupaza sauti. "Kijana, rangi yako ni safi. Lakini huo ubao unafuata miguu yako. Ukienda chai, nao umeenda chai. Kinachobadilika hapa ni mlango. Ubao uulize mlango, usikuulize wewe."

Maneno hayo yaliniwasha kama umeme. Nikatafuta kamba na puli ya kisima, lile gurudumu la kuvutia ndoo. Nikakata dirisha kwenye bati la langoni. Nyuma yake nikafunga vile vibao viwili kwenye kamba, kimoja juu ya kingine, na ncha ya pili nikaipitisha juu ya puli, nikaifunga kwenye mlango wa stoo. Mama Rispa alikuwa bado anangoja barabara ikauke, akaja kusimama langoni kutazama.

Mzee akasukuma mlango ukafungika: STOO IMEJAA ikapanda dirishani. Akafungua: KARIBU INGIA ikarudi. Hakuna aliyegusa ubao. Mama Rispa alicheka mpaka akashika nguzo.

"Rudia, Mzee," akasema. "Rudia tena." Mzee akarudia, naye anacheka sasa kama kijana mwenzangu. "Haya, usifungue wote. Uache katikati," Mama akamwambia.

Dirishani pakatokea nusu ya KARIBU na nusu ya IMEJAA.

"Sasa mimi nimetoka Turbo na mahindi yangu," akasema Mama Rispa. "Niingie nusu?"

Kweli, kila jioni Mzee aliacha mlango nusu wazi akikagua kama kuna nafasi. Basi nikaandika ubao wa tatu, nikautia kati ya hivyo viwili: SUBIRI, TUNAANGALIA NAFASI. Mama Rispa aliujaribu mwenyewe, mlango ukiwa wazi, katikati na umefungwa, ndipo akapanda trekta akaenda zake.

Ndiyo kazi unayoifanya leo kwenye skrini, mwanangu. Kila kipande cha ukurasa wako ni dirisha lile. Usimrundikie mtu yote. Aliyeingia kwenye akaunti yake aone jina lake, ambaye hajaingia aone mahali pa kuingilia. Neno lisilohusu kwa sasa liondoe dirishani. Sharti la kuonyesha hili au lile lifunge kwenye jambo lenyewe, lisitegemee wewe kukumbuka kwenda kubadilisha. Na pale ukurasa unapongoja jibu, haujui kama ni ndiyo au hapana, usionyeshe nusu kwa nusu wala usiache patupu. Mwambie mtu asubiri, anastahili kujua. Kisha ujaribu hali zote kabla hujaenda zako.

Mungu akupe mikono myepesi na usingizi mzuri baada ya kazi. Na yeyote atakayekufikia kutoka mbali na mzigo wake, akute neno la kweli.